Neno la Mgonjwa Kwanza: Somo la Uandishi wa Tafakuri kwa Wanafunzi wa Afya wa Mwaka wa Kwanza

Utangulizi

Kila mwaka wa masomo unapoanza, vyuo vya afya nchini hupokea vijana waliosoma mchepuo wa Fizikia, Kemia na Baiolojia. Ni vijana hodari wa kukokotoa na kukumbuka. Hata hivyo, tangu walipomaliza kidato cha nne, wengi wao hawajaandika insha isipokuwa zile chache za somo la jumla linalosomwa na wote. Katika maabara walizoea lugha ya namna moja: mmumunyo ulipashwa moto, rangi ilibadilika, vipimo vilichukuliwa. Aliyepasha moto hatajwi, wala aliyepima. Lugha hiyo ina heshima yake, kwa sababu sayansi haijali ni nani aliyeshika chupa.

Wafikapo chuoni hukutana na kazi isiyofanana na hizo. Baada ya kutembelea zahanati au kituo cha afya, huambiwa waandike ukurasa mmoja au miwili kuhusu walichokiona, walichokifikiri na watakachokifanya siku nyingine. Kazi hii huitwa uandishi wa tafakuri. Mwanafunzi hujiuliza: niandike nini? Nieleze ugonjwa, au nijieleze mwenyewe? Mkufunzi naye hujiuliza atakavyotoa alama kwa kazi isiyo na jibu moja sahihi.

Somo hili limeandikwa kwa ajili ya wanafunzi hao, wakufunzi wao, wauguzi na matabibu wanaowapokea vituoni, na pia kwa mgonjwa, ambaye maneno yake ndiyo malighafi ya kazi hiyo. Baada ya kulisoma, msomaji aweze:

1. kueleza tafakuri ni nini na si nini;
2. kutofautisha tafakuri yenye manufaa na ile ya kupamba karatasi;
3. kuandika au kusahihisha tafakuri bila kuvunja siri ya mgonjwa;
4. akiwa mgonjwa au mzazi, kutambua nafasi na haki yake mbele ya mwanafunzi.

Tafakuri ni nini?

Wazo kwamba uzoefu peke yake haufundishi mpaka uchunguzwe si geni. Mwanafalsafa wa elimu wa Marekani, John Dewey, alilieleza kwa kirefu katika kitabu chake cha mwaka 1910 kuhusu namna tunavyofikiri. Mwaka 1983 Donald Schön aliandika juu ya wataalamu wanaofikiri wakiwa kazini na baada ya kazi, na tangu hapo vyuo vingi vya uuguzi na udaktari duniani vikaingiza tafakuri katika mitaala yao. Nchini Uingereza, tangu mwaka 2016, muuguzi anayehuisha usajili wake hutakiwa kuwa ameandika tafakuri 5 katika kipindi cha miaka 3.

Zipo njia nyingi za kuipanga. Graham Gibbs, mwaka 1988, alipendekeza hatua sita: maelezo ya tukio, hisia, tathmini, uchambuzi, hitimisho na mpango wa utekelezaji. Kabla yake, mwaka 1970, Terry Borton alitumia maswali matatu mafupi, ambayo kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza yanatosha:

- Nini kilitokea?
- Kina maana gani?
- Sasa nifanye nini?

Tafakuri, kwa hiyo, si shajara ya mambo ya moyoni, si ripoti ya ugonjwa, wala si toba. Ni uchunguzi wa tukio moja dogo, unaofanywa na mtu aliyekuwepo, ili afanye kazi yake vema zaidi litakapotokea tena. Kama vile daktari asivyoweza kupima presha bila kumfunga mgonjwa mkanda mkononi, ndivyo mwanafunzi asivyoweza kutafakari bila kushika kitu halisi: neno lililosemwa, swali lililoulizwa, kimya kilichofuata.

Mfano wa Visiga

Mifano miwili ifuatayo imetungwa kwa ajili ya somo hili. Hakuna mgonjwa wala mwanafunzi halisi anayetajwa. Tumeiweka katika kata ya Visiga, Mji wa Kibaha, kando ya barabara ya Morogoro unapotoka Kongowe kuelekea Mlandizi. Ni mahali penye wenyeji wa Pwani pamoja na wageni waliofuata viwanja na kazi za viwandani. Hivyo mwanafunzi anayekwenda huko, kama yule aendaye Kisarawe, atasikia Kiswahili cha aina nyingi na majina ya magonjwa ambayo hayamo katika vitabu vyake.

Tukio ni hili. Asubuhi mama anafika kituoni na mtoto wa miaka miwili mwenye homa, ambaye usiku alikakamaa na kutukutika. Tabibu anamhoji, mwanafunzi amekaa pembeni na daftari.

Tafakuri ya kwanza inasomeka hivi:

"Leo nilikutana na mama aliyeleta mtoto mgonjwa sana. Nilihuzunika mno, machozi yalinilengalenga. Mama huyo alikuwa na imani potofu kuhusu ugonjwa wa mwanawe na alichelewa kuja hospitali. Nilijifunza kwamba jamii yetu bado inahitaji elimu. Kuanzia leo nitakuwa mhudumu mwenye huruma na upendo kwa wagonjwa wote."

Tafakuri ya pili:

"Tabibu alipouliza tatizo, mama alijibu: 'Homa ilikuwepo tangu juzi, lakini hii ya usiku si homa, ni degedege.' Mimi na mwenzangu tulitazamana tukatabasamu. Faili likaandikwa kwa Kiingereza: homa siku tatu, kutukutika mara moja. Neno 'degedege' halikuandikwa. Maswali yaliyofuata mama aliyajibu kwa neno moja moja. Baadaye, wakisubiri majibu ya kipimo cha malaria, muuguzi alimuuliza, 'Ilipoanza degedege mlifanya nini kwanza?' Mama akaeleza kuwa mtoto alifukizwa, akanyweshwa dawa ya mizizi, na kwamba nyumbani walihofia sindano kwa kuwa wazee husema mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Hayo yote hayakuwemo katika faili. Sijui kama alinyamaza kwa sababu ya tabasamu letu au kwa sababu hakuulizwa. Siku nyingine mzazi akitaja jina la ugonjwa, nitalitumia jina hilo hilo katika swali langu, kisha nitauliza walifanya nini kwanza. Nitaandika pia chochote ambacho mtoto amenyweshwa."

Tofauti ya tafakuri hizi

Wasomaji wengi wataipenda ya kwanza kwa sababu ina machozi na ahadi njema. Lakini tuichunguze. Mama hajasema neno hata moja. Tunaambiwa ana imani potofu, ila hatuambiwi anaamini nini. Anayehitaji elimu ni "jamii", yaani watu wengine. Na ile ahadi ya huruma kwa wagonjwa wote haina siku, mahali wala tendo. Hakuna mtu atakayeweza kujua kama imetimizwa. Ukiondoa neno "mtoto" na kuweka "mzee", tafakuri hiyo itafaa tukio lolote. Tafakuri inayofaa tukio lolote haijatokana na tukio lolote.

Ya pili haina machozi. Ina maneno ya mama kama alivyoyatamka, ina tendo dogo lililopita chumbani, na ina pengo kati ya kilichosemwa na kilichoandikwa. Ina pia neno "sijui" palipo na mashaka, jambo ambalo katika tiba ni alama ya akili timamu. Mwisho wake ni tendo linaloweza kufanywa kesho asubuhi na kuonekana.

Faida yake si ya kitaaluma tu. Utafiti kuhusu degedege uliofanywa katika Wilaya ya Bagamoyo, mkoa huu huu wa Pwani, na kuchapishwa mwaka 1996, ulionesha kuwa kile ambacho wananchi hukiita degedege kwa sehemu kubwa hulingana na kile ambacho madaktari hukiita malaria kali. Mzazi na daktari hutazama mtoto mmoja, lakini kila mmoja ana jina lake. Kampeni inayosema "wahi hospitali ukiona malaria" inaweza kumpita kabisa mzazi ambaye moyoni mwake anajua kwamba hii si malaria, ni degedege. Na mzazi aliyechekwa kwa sababu ya neno lake, safari ijayo ataliacha neno hilo nyumbani, au atabaki nalo nyumbani yeye na mtoto.

Hapa ndipo ilipo hoja ya somo hili: tafakuri huanza na neno la mgonjwa na kuishia katika tendo litakalomfaa mgonjwa anayefuata. Hisia za mwandishi hupita katikati. Zina nafasi yake, lakini si mwanzo wala si mwisho.

Tahadhari isiyosubiri tafakuri

Kwa kuwa tumetaja degedege, ni wajibu kumweleza mzazi la kufanya. Mtoto akitukutika, mlaze kwa ubavu mahali salama, ondoa vitu vinavyoweza kumuumiza, legeza nguo zake. Usimtie kijiko, kidole wala kitambaa mdomoni. Usimnyweshe chochote mpaka azinduke kabisa. Usimbane kwa nguvu. Mpeleke kituo cha tiba mara moja, hata kama mtukutiko umekoma. Mtoto ambaye ametukutika, hawezi kunywa au kunyonya, anatapika kila kitu, au amelegea na haamki sawasawa, ana dalili za hatari. Sababu inaweza kuwa malaria kali, homa ya uti wa mgongo, kushuka kwa sukari mwilini, au homa kali tu. Haiwezi kujulikana bila uchunguzi. Kituo kidogo kitampa huduma ya kwanza na kumpeleka panapostahili, kama vile Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Pwani iliyopo Tumbi. Sindano au dripu anayopewa huko haimuui mtoto. Kinachoua ni ugonjwa uliocheleweshwa.

Lugha gani itumike?

Katika vyuo vyetu masomo hufundishwa kwa Kiingereza, na mafaili ya wagonjwa huandikwa kwa lugha hiyo. Mgonjwa husema Kiswahili, na pengine Kizaramo au Kikwere. Kwa hiyo kila historia ya ugonjwa imekwisha kutafsiriwa kabla haijakauka wino. "Nasikia vichomi", "moyo unanienda mbio", "mwili hauna nguvu", "mtoto amechezewa": kila usemi una uzito ambao tafsiri ya haraka huupunguza. Anayesema ana vichomi pengine anaeleza maumivu ya mapafu, pengine ya misuli, pengine hofu. Neno moja la Kiingereza likishaandikwa, uwezekano mwingine hufungwa.

Ushauri ni huu: hata kama kazi inatakiwa kuandikwa kwa Kiingereza, maneno ya mgonjwa yabaki katika lugha aliyoyasema, ndani ya alama za kunukuu, kisha yaelezwe. Mkufunzi asiyakate kwa kalamu nyekundu kana kwamba ni makosa ya sarufi. Na pale chuo kinaporuhusu, tafakuri za miezi ya mwanzo ziandikwe kwa Kiswahili. Kijana anayepigana na lugha hana nguvu iliyobaki ya kupigana na wazo.

Katika Chuo Kikuu cha Columbia, New York, daktari Rita Charon aliwazoesha wanafunzi wake kuandika faili la pili sambamba na lile la hospitali, kwa lugha ya kawaida, likihifadhi yale ambayo faili rasmi haliyapokei lakini hayafai kupotea. Kwetu sisi, faili hilo la pili lina kazi ya ziada: linaweza kuhifadhi Kiswahili cha mgonjwa kabla hakijageuzwa.

Siri ya mgonjwa

Wanafunzi wengi hudhani kuwa kufuta jina kunatosha. Katika mji mkubwa pengine. Katika mtaa, sivyo. Ukiandika "mama mwenye mapacha anayeuza vitumbua karibu na kituo cha daladala", umemtaja kwa watu wote wa mtaa huo bila kutamka jina. Ondoa kazi, mtaa, kabila, idadi ya watoto na tarehe, isipokuwa lile ambalo bila hilo tukio halieleweki. Badala ya umri kamili, andika "mtoto mdogo" au "mama wa makamo".

Hili ni suala la maadili na pia la sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kabla yake, Sheria ya VVU na UKIMWI ya mwaka 2008 ilikwisha kulinda usiri wa hali ya mtu ya maambukizi. Kwa hiyo tafakuri haitumwi katika kundi la WhatsApp la darasa, haipigwi picha, wala haisomwi kwa sauti mbele ya wengine bila idhini ya mwandishi na bila kuhakikisha mgonjwa hatambuliki.

Siri ya mwanafunzi nayo ilindwe. Asilazimishwe kuandika habari za nyumbani kwake au msiba wake ili apate alama. Ipo tafiti ya mwaka 1990 nchini Marekani, ya James Pennebaker na wenzake, ambamo wanafunzi wa mwaka wa kwanza walioandika mawazo na hisia zao kuhusu kuanza chuo walikwenda kwa daktari mara chache zaidi katika miezi iliyofuata kuliko walioandika mambo ya kawaida. Lakini wale waliandika kwa ajili yao wenyewe, bila kupewa alama. Kuandika kunaweza kupunguza mzigo. Kulazimishwa kujianika huuongeza. Mkufunzi akiona katika kazi dalili za kukata tamaa au mawazo ya kujidhuru, asisahihishe sarufi. Amwite mwanafunzi faraghani siku hiyo hiyo na kumpeleka kwa mshauri au daktari.

Namna ya kusahihisha

Mkufunzi akitoa alama kwa machozi, atapata machozi. Akitoa alama kwa usikivu, atapata usikivu. Kwa kazi yenye alama 20, mgawanyo huu unaweza kutumika:

- Alama 6: tukio limeelezwa wazi, na maneno ya mgonjwa au mhudumu yamenukuliwa kwa uaminifu.
- Alama 6: mwanafunzi ameuliza kwa nini, ametoa zaidi ya maelezo mamoja yanayowezekana, na amekiri pale asipojua.
- Alama 4: mpango wa kutenda ni mdogo, unatekelezeka, na unaweza kuonekana.
- Alama 4: siri imetunzwa, na lugha haimdharau mtu yeyote.

Alama zisipunguzwe kwa sababu mwanafunzi hakuhuzunika. Wala zisiongezwe kwa methali ya kufungia. Na baada ya mwezi mmoja mkufunzi amuulize swali moja: ule mpango ulioandika, umeutekeleza kwa nani, na nini kilitokea? Bila swali hilo, tafakuri huwa barua isiyotumwa.

Kwa mhudumu aliyeko kazini

Muuguzi wa zahanati aliye peke yake na foleni ya wagonjwa hana muda wa kurasa mbili. Nusu ukurasa kwa juma unatosha: tukio moja, maneno yaliyosemwa, jambo moja la kubadilisha. Wahudumu wawili au watatu wakisomeana mwisho wa mwezi, bila kumtaja mgonjwa kwa jina, watagundua kwamba swali lililomfumba mdomo mgonjwa wa mmoja limewafumba wa wote.

Kwako mgonjwa na mzazi

Unapomkuta mwanafunzi katika chumba cha daktari, una haki ya kuelezwa yeye ni nani na yupo hapo kwa kazi gani. Una haki ya kukataa asikuhoji au asikuandike, na kukataa kwako hakupaswi kupunguza huduma utakayopata. Ukikubali, mweleze ugonjwa kwa jina unalolijua wewe na mfuatano ulivyokuwa, pamoja na dawa za jadi au za dukani ulizotumia. Usifiche kwa kuogopa kukemewa. Dawa iliyofichwa inaweza kugongana na ile utakayopewa. Kwa kufanya hivyo unajitibu wewe, na unamfundisha atakayemtibu mwanao miaka kumi ijayo.

Zoezi

1. Chagua tukio moja la juma hili ambamo mgonjwa alitumia jina la ugonjwa au dalili usilolizoea. Andika maneno yake kama alivyoyasema, bila kutafsiri.
2. Andika kilichoingizwa katika faili. Linganisha: nini kimepotea?
3. Toa maelezo mawili tofauti ya kwa nini kilipotea.
4. Andika swali moja utakalouliza safari ijayo, kwa Kiswahili ambacho mgonjwa huyo angelielewa.
5. Mpe mwenzako asome. Akiweza kumtambua mgonjwa, rudia kazi.